Wak Chanil Ajaw wa Naranjo: mtawala kamili au mama wa mfalme tu?

Wadau, mleta mada ameuliza kama Wak Chanil Ajaw, bibi wa Kimaya aliyeishi Naranjo, katika Guatemala ya leo, aingizwe kwenye orodha ya watawala wa mji ule, au abaki kuwa mama aliyemshikia mwanawe kiti mpaka akue. Wengi waliotangulia wameegemea upande wa pili kwa sababu hakuna jiwe la maandishi linalosema kwamba alitawazwa. Naomba kutofautiana nao.

Tutazame kwanza jinsi alivyoingia. Alifika Naranjo mwaka 682 akitoka Dos Pilas, mji mwingine wa Kimaya, na baba yake ni Bajlaj Chan K'awiil, mfalme aliyekuwa chini ya dola kubwa ya Calakmul. Wakati huo ukoo wa kifalme wa Naranjo umetoweka kwenye maandishi. Bibi huyu anawasili, na siku tatu baadaye anaongoza ibada. Kuwasili kwake kumechongwa kwenye mawe kama tukio la kihistoria, vilevile kama kulivyoandikwa kuwasili kwa Siyaj K'ak', kamanda aliyetoka nje, kule Tikal mwaka 378, siku ambayo mfalme wa Tikal alikufa na utawala ukageuka. Bibi harusi wa kawaida haandikiwi hivyo.

Mwanawe, K'ahk' Tiliw Chan Chaak, alizaliwa mwaka 688 na kutawazwa mwaka 693. Hesabuni wenyewe: ana miaka mitano. Hazikupita hata wiki nne, Naranjo ikawa imeshaupiga mji jirani wa Ucanal. Mwaka 695 ikapigana na Tikal yenyewe, hasimu mkubwa wa Calakmul, na kurudi na mateka. Vita hivyo vimeandikwa kwa jina la mtoto, sawa, lakini mtoto wa miaka mitano hatumi jeshi popote. Mnaweza kusema Calakmul ndiyo iliyokuwa nyuma ya yote, maana mtoto alitawazwa chini ya mkono wa mfalme wa Calakmul, Yich'aak K'ahk'. Nakubali. Ila Calakmul ilikuwa na wafalme wengi wanaume chini yake, na hatujasikia mtu akiwafuta kwenye orodha kwa sababu hiyo.

Sasa nendeni kwenye nguzo ya jiwe ya Naranjo ambayo wataalamu wameipa namba 24. Bibi amesimama, amevaa sketi ya wavu wa shanga, mikononi ana chombo cha ibada ya kutoa damu. Chini ya miguu yake amelala mateka aliyefungwa, na jina lake limeandikwa: K'inichil Kab wa Ucanal. Kukanyaga mateka ni mkao wa wafalme wa Kimaya, tena wa wapiganaji. Nguzo hiyo ilisimamishwa mwaka 702 ikiwa jozi na ya mwanawe. Mlezi wa kiti anajichonga hivyo ili iweje?

Hoja yenye nguvu zaidi kwa upande wa pili ni ya nembo, yaani alama ya maandishi iliyotambulisha ukoo wa kifalme wa kila mji: hakuwahi kubeba nembo ya kifalme ya Naranjo, alibaki na ya kwao. Ni kweli, na ndiyo maana mimi sisemi alitawazwa. Nasema alitawala. Nembo ya nyumbani ndiyo iliyokuwa mtaji wake, na ya Naranjo akamwachia mtoto aliyezaliwa pale, ambaye wenyeji wangeweza kumpokea. Mchangiaji mmoja amemtaja Yohl Ik'nal, mwanamke aliyetawazwa katika mji wa Palenque mwaka 583, kuonyesha kwamba Wamaya walipotaka kumtawaza mwanamke walifanya hivyo waziwazi. Vizuri, lakini yule alirithi kwao. Huyu alikuwa mgeni. Na K'abel, malkia wa mji wa El Perú-Waka', alikuwa na cheo cha kaloomte', yaani mtawala mkuu, kikubwa kuliko cha mumewe aliyekuwa mfalme. Njia za madaraka kwa wanawake wale zilikuwa nyingi, na kutawazwa ilikuwa mojawapo tu.

Kuna jambo linaloniuma hapa. Kwa miaka mingi watafiti walipoona kwenye mawe haya watu waliovaa nguo ndefu, waliwaita makuhani wa kiume. Mpaka Tatiana Proskouriakoff, mtafiti wa mambo ya Wamaya, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipoonyesha kuwa ni wanawake, wenye majina yao na tarehe zao. Wanawake wale walikuwepo muda wote, wamechongwa kwenye mawe, na bado hawakuonekana. Kwa hiyo mtu anaponiambia “alikuwa mama wa mfalme tu”, nataka ushahidi mzito kuliko mazoea.

Wak Chanil Ajaw alifariki mwaka 741, karibu miaka 60 tangu awasili. Baada ya mwaka 710, mwanawe akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 20 na mshindi wa vita, bado nguzo za mama ziliendelea kusimamishwa. Kama kazi yake ilikuwa kumlea mfalme mtoto, kazi hiyo ilikuwa imekwisha zamani. Anayeshikilia kwamba alikuwa mlezi tu aanze kunijibu hapo.