Hadithi, msuko, muundo: tofauti yake hasa ni nini?

Kidato cha Sita, Wete

Assalaam alaykum. Nina suala juu ya uchambuzi wa riwaya. Mtihani unatenganisha msuko na muundo, lakini miongozo tunayotumia skuli inayatia maneno haya mumo kwa mumo, na mingine inaongeza "ploti" kana kwamba ni kitu cha tatu. Mtu anavitenganishaje wakati wa kuandika, asiishie kusimulia kisa tu? Na nikiandika "dhamira ni mapenzi", kosa liko wapi?

Mwalimu, Mkoani

Waalaykum salaam. Ploti na msuko ni kitu kimoja, hilo liondoe kichwani leo. Mengine tuyaone kwa kisa nilichokibuni hapa hapa.

Mzee Hamad kaanika karafuu. Usiku mvua ikanyesha. Karafuu zikavunda. Hamad akapanda mashua kwenda Mombasa. Hiyo ni hadithi: matukio yamefuatana kwa wakati, basi.

Sasa tia sababu. Hamad kaahidi mahari ya mwanawe Faki kutokana na mavuno hayo. Faki kaachiwa kazi ya kuanua karafuu jioni, kenda ngomani. Mvua imezikuta jamvini, ahadi imo hatarini, ndipo mzee akazichukua zilizosalimika kuzipeleka magendo kwa kutaka bei kubwa zaidi. Kila tukio linalisukuma jengine. Huo ndio msuko. Kipimo chake chepesi: baina ya matukio mawili weka "kisha", halafu jaribu "kwa hiyo". Ikikubali "kisha" peke yake, bado unasimulia. E. M. Forster, mwandishi wa Kiingereza, aliieleza tofauti hii mwaka 1927, na wahusika bapa (wa sifa moja) na duara (wa sifa nyingi, wanaoweza kutushangaza) tunaowataja kila siku wametoka kwake pia.

Muundo ni mpangilio anaouchagua mwandishi. Anaweza kuanzia usiku baharini, mzee kajikunyata chini ya tanga, taa ya doria inakaribia, kisha akaturudisha jamvini kwa mbinu rejeshi. Sababu za matukio ni zile zile, msuko haukuguswa. Muundo ndio uliobadilika. Katika jibu lako taja aina ya muundo, onesha sura ambapo wakati unakatika, halafu sema faida yake. Hapa, kwa mfano, taharuki haitokani na "nini kitatokea" pekee, bali na "kafikaje humu mtu mzima huyu?" Wengi wanaliacha hilo la tatu, na alama ziko hapo.

Ile ngazi ya hatua tano, ya kupanda mpaka kilele na kushuka, ni ya Gustav Freytag, Mjerumani, 1863. Aliichora kwa ajili ya tamthilia. Usiilazimishe kila riwaya.

Mhariri, Mji Mkongwe

Niongeze kwenye dhamira. "Mapenzi" ni mada. Dhamira inataka sentensi kamili, yenye kitenzi: "Mahari kubwa inayageuza mapenzi kuwa mzigo wa wazee." Ujumbe ni funzo analoachiwa msomaji: wazazi wasishindane kwa mahari. Vitabu vingine huita mada hiyo hiyo dhamira. Hata ukivifuata, usiishie kwenye neno moja.

Kosa zito zaidi ni kuichukua kauli ya mhusika mmoja ukaifanya msimamo wa mwandishi. Tazama kwanza msuko unamfanya nini mtu huyo: je, matukio yanamthibitisha au yanamuumbua?

Na msimulizi si mwandishi. Faki akisimulia kwa "mimi", hawezi kutwambia babaake aliwaza nini mashuani, kwa sababu hakuwamo. Anaweza kukisia, au kuhadithiwa baadae. Miswada mingi ya vijana inaharibika papo hapo: sura ya kwanza ni "mimi", ya tatu "mimi" huyo anaingia vichwani mwa watu wote.

Kidato cha Sita, Wete

Ahsanteni sana. Jengine dogo: kinaya na kejeli? Na tashbihi au tashibiha, chuku au mubalagha?

Mwalimu, Mkoani

Hayo ya mwisho ni majina tu: mawili ya kwanza ni kufananisha kwa "kama", mawili ya pili ni kutia chumvi. Tashbihi na chuku utayakuta zaidi kwenye vitabu vya Kenya, tashibiha na mubalagha kwenye vya kwetu. Shika moja mpaka mwisho wa jibu.

Kinaya ni mpishano baina ya linalotarajiwa na linalotokea, au linalosemwa na linalokusudiwa. Kejeli inamlenga mtu, inataka kumchoma. Hamad awe ndiye anayewahimiza jirani zake kila jioni waanue mapema, halafu zake ndizo zirowe: kinaya, wala hakuna aliyemcheka. Jirani akipita asubuhi akamwambia, "Karafuu zako zimekoga vizuri, mzee wangu," hiyo kejeli.