Chemsha bongo za historia: acheni kumpa Wellington u-Duke kabla hajaupata!

Wakuu, hili limenikera na leo sinyamazi. Kuna chemsha bongo inazunguka kwenye magrupu ya historia, imeuliza: nani aliongoza jeshi la Waingereza kwenye vita vya Assaye, India, 1803? A, Arthur Wellesley. B, Duke wa Wellington. Nimejibu A nikakoseshwa, eti sahihi ni B.

Huyo ni mtu mmoja jamani, Duke ni cheo chake tu cha kikabaila! Na kama lazima jina moja lishinde, basi ni A. Tarehe 23 Septemba 1803, alipowapiga Wamaratha, dola ya Kihindi, pale Assaye, alikuwa Meja Jenerali Arthur Wellesley, basi. Hata "Sir", ile heshima ya kupewa ushujaa na mfalme, alikuwa bado, aliipata 1804. Jina la Wellington lilikuja 1809, baada ya vita vya Talavera kule Hispania, alipofanywa Viscount, ngazi ya ukabaila wa Kiingereza iliyo chini ya Earl, Marquess na Duke, kwa kupanda. Mwenyewe yuko vitani, kaka yake William ndiye akamchagulia mji wa Wellington, Somerset, kwa kuwa uko jirani na kijiji cha Welleslie. Februari 1812 akawa Earl, mwaka huohuo baada ya ushindi wa Salamanca akawa Marquess, na u-Duke wenyewe ni Mei 1814. Yaani zaidi ya miaka kumi baada ya Assaye! Kila cheo alikitolea jasho kwenye vita fulani, nyie mnamvisha vyote siku moja.

Halafu huyu anayeandika "Sir Wellington" kila mahali amefundishwa na nani? "Sir" inakwenda na jina la kwanza: Sir Arthur.

Baya kuliko yote ni kuchanganya ndugu. Marquess Wellesley ni kaka yake mwingine, Richard, Gavana Mkuu wa India tangu 1798 hadi 1805. Marquess wa Wellington ni Arthur. Mmoja anatawala, mwingine anapigana, na nyie mmewaunganisha wakawa mtu mmoja. Wakati huohuo Duke wa Ciudad Rodrigo wa Wahispania na Prince wa Waterloo wa Waholanzi mmewaweka kama watu wengine, kumbe ni yeye yule Arthur!

Watoto wetu wanakariri haya na kuyapeleka kwenye mitihani. Mliotunga swali lile, lifuteni au mtoe masahihisho hadharani, na wote waliojibu A warudishiwe alama zao.