Siku ya kufunga dirisha la usajili Kisumu: nani analipwa kijana akiuzwa, na bourbon gani itoshe watu 12?

Kijani_wa_Kondele

Wadau, habari za jioni. Ubishi umekuwa mkali hapa Kondele na naomba wenye kujua wautatue kwa hesabu, si kwa kelele.

Kwanza: kijana amechezea timu ya mtaani kuanzia mwaka aliotimiza miaka 16 hadi aliotimiza 18. Akasaini mkataba wa kwanza wa kulipwa na klabu ya ligi kuu ya hapa kwetu, akakaa miaka miwili. Sasa ana miaka 20 na klabu ya Ulaya inamtaka. Ile timu ya mtaani inapata kitu au inaishia kupiga makofi?

Pili: klabu ikimwachia beki wa kushoto aondoke, halafu ilete mawinga watatu, huo ni usajili wa namna gani? Mimi nasema ni makosa makubwa, ila wenzangu wanafurahia majina.

Tatu: siku ya kufunga dirisha tutakuwa watu 12. Samaki watatoka Dunga, nyama choma ipo. Tumekubaliana kinywaji kiwe bourbon, ile wiski ya Marekani. Ninunue ipi, chupa ngapi, na tunyweje? Kuna anayesema Jack Daniel's ni bourbon na kuna anayeapa kwamba siyo.

---

Karani_Afraha

Ndugu Kijani, kwa kanuni za FIFA hapo kuna malipo ya aina mbili na ubishi mwingi unatokana na kuyachanganya.

Kuna mgao wa mshikamano. Mchezaji wa kulipwa akihamishwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, na ada ikilipwa, sehemu ya ada hiyo, isiyozidi asilimia 5, hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una asilimia 0.25 ya ada. Kila mwaka kati ya 16 na 23 una asilimia 0.5. Timu yako ya mtaani ina miaka mitatu, yaani 16, 17 na 18, kwa hiyo ina asilimia 1.5. Ada ikiwa yuro 400,000, timu inapata yuro 6,000. Fedha hizo zinatoka ndani ya ada, haziongezwi juu yake. Na haki hiyo haiishi leo: akiuzwa tena akiwa na miaka 28, timu ya mtaani inarudi kwenye foleni na asilimia yake ileile 1.5.

Halafu kuna fidia ya malezi. Hii hulipwa hata pasipo ada, hadi mwisho wa mwaka ambao mchezaji anatimiza miaka 23. Hapa ndipo timu nyingi za mtaani zinapojikwaa. Kijana akisajiliwa kwa mara ya kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa moja kwa moja na klabu ya nje, klabu zote zilizomlea hulipwa. Lakini akishakuwa wa kulipwa, uhamisho unaofuata huilipa klabu ya mwisho tu, kwa muda aliokaa pale. Kijana wako alianza kulipwa hapa nyumbani, kwa hiyo fidia ya kwenda Ulaya ni ya klabu ya ligi kuu peke yake. Timu ya mtaani inabaki na mgao wa mshikamano.

Kiwango cha fidia kinafuata daraja la klabu inayomchukua. Kwa Ulaya, daraja la kwanza ni yuro 90,000 kwa mwaka, la pili 60,000, la tatu 30,000 na la nne 10,000, ingawa mchezaji akienda klabu ya daraja la nne fidia hailipwi. Klabu ya ligi kuu iliyokaa naye miaka miwili, akienda klabu ya daraja la tatu, hesabu ni 2 × 30,000, yaani yuro 60,000. Angalieni sana mkataba wa uhamisho: mara nyingi huwekwa kifungu kwamba ada iliyotajwa tayari imejumuisha fidia ya malezi. Mwenyekiti akishasaini hapo bila kusoma, hana la kudai baadaye.

Lakini ndugu, hesabu hizi zote hazina maana kama kijana hakuwa kwenye mfumo. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, nayo inategemea pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, ambayo inajazwa kutokana na kumbukumbu za shirikisho. Mashindano ya mtaani ya wikendi hayahesabiki kuwa usajili. Timu iwe mwanachama wa tawi la FKF, shirikisho la soka la Kenya, na kijana aandikishwe kwa jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe ileile, tangu siku ya kwanza ya msimu. Yanayoharibu ni haya: jina la utani kuandikwa mahali pa jina halisi, tarehe mbili tofauti za kuzaliwa, na kijana kuandikishwa Agosti ilhali amekuwa akicheza tangu Januari. Miezi isiyoandikwa inakatwa.

---

Ingwe_wa_Bukhungu

Mulembe. Karani amemaliza la kwanza, mimi nachukua la pili.

Uko sahihi, Kijani. Beki wa kushoto mwenye mguu wa kushoto ni mchezaji adimu. Ukimweka mwenye mguu wa kulia pale, kila anapopanda lazima aukate mpira arudi ndani, na winga wako wa kushoto naye anataka kuingia ndani. Mnakutana wawili kwenye nafasi moja, upande mzima unabaki mtupu, na mpira ukipotea hapo mnapigwa kaunta kupitia mlango ambao hauna mtu. Mawinga watatu hawatibu hilo. Wanaliongeza.

Mimi kikosi nakipima hivi: wachezaji wa ndani 20, wawili kwa kila nafasi, na makipa watatu. Huyo wa pili awe mtu anayeweza kuanza mechi tatu mfululizo, si jina la kujazia orodha. Tangu sheria ya kubadilisha wachezaji watano iwe ya kudumu mwaka 2022, nusu ya wachezaji wa ndani wanaweza kuwa wageni kufikia dakika ya 75. Klabu yenye benchi la mawinga watupu inamaliza mechi bila kiungo mkabaji, kisha mnamlaumu kocha.

Kwa timu za huku kwetu naongeza hali ya viwanja na nchi yenyewe. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari na kuna joto. Nakuru inakaribia 1,850. Mchezaji aliyezoea kukimbia kando ya ziwa akipelekwa uwanja wa Afraha kule Nakuru, mapafu yanamdai kipindi cha pili. Na mvua za masika, Machi hadi Mei, zinafanya mpira usimame kwenye tope, hivyo winga mwepesi wa chenga anakuwa abiria. Kwa miezi hiyo unahitaji kiungo mwenye kifua na mshambuliaji anayeshinda mipira ya juu. Anayesajili bila kuangalia kalenda ya mvua anasajili kwa ajili ya picha.

Jambo jingine ambalo mashabiki hulisahau: dirisha likifungwa si mwisho wa yote. Mchezaji ambaye mkataba wake uliisha kabla ya dirisha kufungwa anaweza kuandikishwa baadaye akiwa huru. Kwa hiyo kama beki wa kushoto hajapatikana usiku ule, mtafuteni miongoni mwa walio huru, msikimbilie mkopo wa pupa. Na mkopo una masharti yake: uwe wa maandishi, usizidi mwaka mmoja, na aliyekopwa hakopeshwi tena. Kwa mikopo ya kimataifa, tangu Julai 2024 klabu haiwezi kuwa na zaidi ya wachezaji sita walioingia kwa mkopo na sita waliotoka, isipokuwa vijana wa miaka 21 kushuka waliokuzwa na klabu yenyewe.

Mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kwenye mkataba wake anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine bila ada yoyote kwa klabu yake. Hapo ndipo klabu zetu zinapoliwa. Kijana mzuri asiachwe abakize miezi 12 bila mazungumzo ya kuongeza mkataba. Pia mshahara: mchezaji asipolipwa miezi miwili, anaipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15, na wasipolipa anaondoka na haki yake yote. Huyo beki wa kushoto mnayemlilia, ulizeni kwanza kama aliuzwa au aliondoka kwa njia hiyo. Ni habari mbili tofauti kabisa.

---

Nyar_Milimani

Omera Kijani, la tatu ni langu.

Jack Daniel's kwanza. Kampuni yenyewe inaiandika Tennessee whiskey. Pombe ikishatoka kwenye mtambo hupitishwa polepole kwenye makaa ya mti wa maple kabla haijaingia pipani, na hatua hiyo ndiyo wanayojivunia. Masharti mengine yanalingana na ya bourbon, kwa hiyo wanaobishana wote wana kipande cha ukweli. Ila ukitaka chupa yenye neno bourbon, siyo hiyo.

Bourbon ni lazima itengenezwe Marekani, nafaka yake iwe mahindi kuanzia asilimia 51, na pipa liwe jipya, la mwaloni, lililochomwa ndani hadi kuwa makaa. Ikitoka kwenye mtambo isizidi asilimia 80 ya kileo, ikiingia pipani isizidi 62.5, ikiingia chupani isipungue 40. Hairuhusiwi kuongezwa rangi wala ladha. Rangi yote hiyo ya kahawia ni ya pipa. Mtu wa huku anayejua busaa ataelewa haraka: kimea cha wimbi kinachogeuza wanga wa unga wa mahindi kuwa sukari kina kazi ileile ambayo kimea cha shayiri kinafanya kwenye bourbon ya Kentucky. Tofauti kubwa ya ladha inatoka kwenye nafaka ya tatu. Wakitia rai, yaani nafaka ya rye, inakuwa na ukali wa pilipili manga. Wakitia ngano, inakuwa laini na tamu.

Sasa ununuzi. Chupa ya mililita 750, mzinga, inatoa toti 25 za mililita 30. Mizinga miwili ni toti 50, watu 12 wanapata nne kila mmoja na mbili zinabaki. Usiku mmoja hauhitaji zaidi ya hapo. Nunua aina mbili tofauti:

Kwa samaki, Maker's Mark. Ni ya ngano, mahindi asilimia 70, ngano 16, kimea cha shayiri 14, kileo 45. Haimezi ladha ya ngege aliyekaangwa na kukamuliwa limau.

Kwa nyama choma, Wild Turkey 101. Kileo 50.5, ina rai, na pipa lake limechomwa kiwango cha juu kabisa. Mafuta ya nyama yanahitaji kitu chenye meno.

Ukikosa ya pili, Bulleit inafaa, kwani rai yake ni asilimia 28. Jim Beam nyeupe ni ya kuchanganya, na kwa kazi hiyo naiheshimu: mililita 45, Stoney Tangawizi 120, robo ya limau, barafu. Usitumie kola juu ya Maker's Mark. Unafunika ile ngano uliyoilipia.

Ile 101 wengi watasema inawaka. Dawa yake ni kijiko kimoja cha chai cha maji kwenye toti moja. Mililita 5 zinaishusha kutoka 50.5 hadi karibu 43, na harufu ya vanila inafunguka. Ukitia nusu glasi ya maji umeiua.

---

Kijani_wa_Kondele

Nashukuru sana wote, hasa kwa ile ya mkataba wa kwanza wa kulipwa. Hilo litanyamazisha watu. Dada Nyar, maswali mawili tu: nitajuaje chupa si ya kughushi, na maneno Bottled in Bond yana maana au ni mapambo?

---

Nyar_Milimani

Yana maana, tena ya kisheria, tangu 1897. Chupa yenye maneno hayo imetoka kiwanda kimoja, msimu mmoja, imekaa pipani miaka minne au zaidi kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na kileo chake ni 50 kamili. Neno straight peke yake linahakikisha miaka miwili tu, na ikiwa chini ya minne lazima umri uandikwe. Ukiona straight bila umri, hesabu minne kwenda juu.

Kuhusu kughushi: skani stempu ya ushuru kwa programu ya simu ya Soma Label ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla hujalipa, ukiwa bado dukani. Jina la bidhaa na ujazo vinavyotokea kwenye simu vilingane na chupa uliyoshika. Stempu inaweza kuwa halali lakini imebanduliwa kutoka chupa ya kinywaji kingine, na hapo ndipo watu wanaponaswa kwa sababu wanaangalia kama stempu ni halali tu. Kagua pia nta nyekundu ya Maker's Mark. Hutumbukizwa kwa mkono, kwa hiyo michirizi yake haifanani chupa kwa chupa. Ukikuta chupa nne zenye michirizi sawasawa, ondoka.

---

Karani_Afraha

Niongeze moja la barafu, maana watu 12 na joto la Kisumu si mchezo. Barafu ya kuhifadhia samaki isiingie kwenye glasi hata kidogo. Chemsha maji, yapoe, yagandishe kwenye bakuli la plastiki usiku wa kuamkia siku hiyo, kisha vunja mapande makubwa. Pande moja kubwa linayeyuka polepole kuliko vipande vidogo vitano, na ile 101 haitakuwa maji kabla dirisha halijafungwa.