Mrejesho: /mzigo/12abc haipenyi tena

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini programu yangu ya mizigo ya dagaa hapa Kigoma inakubali anwani /mzigo/12abc wakati ruwaza ya rejeksi (regex, kanuni ya kukagua maandishi) ni /mzigo/\d+ tu, yaani tarakimu moja au zaidi. Aliyesema "umefunga mlango wa mbele, wa uani uko wazi" alipatia: re.match ya Python hubana mwanzo tu, kinachobaki mwishoni haikijali.

Nikaongeza $, alama ya mwisho wa maandishi, mwishoni mwa ruwaza. Bado 12%0A ikapita (%0A ni mstari mpya ulioandikwa kwa namna ya anwani za wavuti)! Kumbe $ huvumilia alama moja ya mstari mpya mwishoni. Hapo nilipoteza jioni nzima. Sasa natumia re.fullmatch, inayotaka maandishi yote yalingane na ruwaza, na \d nimeibadili kuwa [0-9], maana \d hukubali hata tarakimu za maandishi ya Kiarabu, kama ٣.

Namba ya mzigo usiokuwepo bado inapita, ila hiyo ni kazi ya hifadhidata. Mkifika Ujiji, migebuka juu yangu.