Madalali wa hisa mnaokuja Mwanza na karatasi ya asilimia 13, tuonyesheni pia historia ya gawio

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Hivi karibuni wakala wa dalali mmoja wa hisa alikuja kuzungumza na kikundi chetu cha akiba hapa Kirumba, ambacho wanachama wake wengi ni akina mama wanaouza dagaa pale Mwaloni. Aligawa karatasi yenye jina la kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na katikati, kwa wino mwekundu, iliandikwa 13%, kama kiwango cha mapato ya gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa wake. Mama mmoja akamuuliza, "Mwanangu, hiyo ni ya kila mwaka?" Akajibiwa, "Ndiyo mama, kampuni hii haijawahi kuwaangusha wanahisa wake."

Jibu hilo si la kweli. Kampuni zilizoorodheshwa hutoa taarifa zao za fedha hadharani, hivyo nilizitafuta za miaka ya nyuma na kuzisoma moja baada ya nyingine.

Kiwango cha mapato ya gawio hupatikana kwa kuchukua gawio la mwaka mzima kwa hisa moja na kuligawanya kwa bei ya hisa. Karatasi ile ilichukua gawio la shilingi 52 na bei ya shilingi 400, ndiyo ikapata 13%. Ila katika hizo 52, shilingi 30 zilikuwa gawio maalumu, lililotolewa mara moja tu baada ya kampuni kuuza jengo lake, na hakuna jengo jingine la kuuza mwakani. Gawio la kawaida lilikuwa shilingi 22. Bei nayo ilikuwa imepitwa na wakati, kwa kuwa siku ya kikao hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa shilingi 440, na 22 kwa 440 ni 5%. Ondoa kodi ya zuio, inayokatwa kabla mwanahisa hajalipwa, ambayo kwa gawio la kampuni iliyoorodheshwa ni 5%, mwanahisa anabaki na shilingi 20.90 mkononi, sawa na 4.75% ya fedha aliyoweka, kabla hata ya kuhesabu ada ya dalali wakati wa kununua.

Kilichoniudhi kuliko vyote kiko nyuma ya karatasi. Jedwali la gawio lililochapishwa pale liliruka mwaka mmoja, na mwaka huo ndio ambao kampuni ilipata hasara na haikugawa hata senti. Mtu haruki mwaka kwa bahati mbaya. Mwaka wa sifuri ndio unaomwonyesha mama wa Mwaloni jinsi kampuni inavyomtendea mambo yanapokuwa magumu, na gawio si riba ya benki: bodi hulipendekeza, mkutano mkuu wa wanahisa huliidhinisha, na wanaweza kuamua lisiwepo.

Wala tusidanganywe kwamba kiwango kikubwa ni dalili ya kampuni nzuri. Hisa hiyohiyo ikiporomoka hadi shilingi 220, gawio la zamani la 22 litasomeka kama 10%, ilhali aliyenunua kwa 440 amepoteza nusu ya mtaji wake na kampuni pengine iko njiani kulipunguza gawio lenyewe. Ndiyo maana lazima faida kwa kila hisa iwekwe kando ya gawio. Kampuni inayopata faida ya shilingi 18 kwa hisa na kugawa 22 inakula akiba yake.

Tulipomwandikia wakala kuhusu haya, alitujibu kwa ujumbe mfupi kwamba tununue haraka kabla ya kufungwa kwa daftari la wanahisa, yaani siku ya mwisho ya kuandikishwa kuwa mwanahisa ili kupata gawio. Hata hapo hakutueleza kwamba umiliki haubadiliki siku ileile ya kununua, na kwamba anayenunua dakika za mwisho anaweza kulikosa gawio hilo.

Ninachotaka ni jedwali lenye kila mwaka, pamoja na ule wa sifuri, likitenganisha gawio la kawaida na gawio maalumu, lenye tarehe ya bei iliyotumika na kiasi kinachobaki baada ya kodi. Kikundi chetu kimeamua kutonunua hadi tulipate, na malalamiko yetu tunayapeleka kwa maandishi Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, inayowasimamia madalali wa hisa. Yeyote aliyepewa karatasi kama hiyo, awe Igoma, Nyegezi, Sengerema au Ukerewe, aihifadhi na aniandikie hapa ili tuiambatanishe.