Mada: Kuacha kazi niende Afrika Kusini kwa basi na treni, nikianzia Moshi

Kutoka: Minneapolis

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine.

Mimi ni mtoto wa Kibosho, nina miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye idara ya mikopo ya benki moja hapa. Kazini sina ugomvi na mtu. Ila mwaka jana nilipokuja kumzika baba nilikaa nyumbani siku 11 tu, nikarudi mezani kwangu hata arobaini haijafika. Tangu siku ile moyo haujatulia.

Nataka kushuka KIA, nikae na mama kidogo, kisha nibebe begi nielekee kusini mpaka Cape Town kwa usafiri wa watu wa kawaida. Nimefikiria miezi minane. Akiba yangu ni dola 14,000, na grini kadi yangu ina miaka minne. Mliowahi kufanya hivi, pesa hizo zitatosha? Na mama nimwambieje?

Kutoka: Moshi

Marahaba mdogo wangu, na pole tena kwa msiba wa mzee.

Mimi niliacha kazi ya usafirishaji Houston mwaka 2022 nikapita karibu njia hiyo hiyo. Naanza na la mama, kwa sababu ndipo nilipokosea.

Nilishuka KIA mwezi Machi. Unajua kwetu: Mchagga aliye mbali huja Desemba, huja na mizigo, na tarehe yake ya kuondoka inajulikana. Mimi nimekuja Machi, begi moja mgongoni, nimepanda daladala hadi njia panda ya nyumbani. Wiki haikuisha ikawa imeshasemwa kijiji kizima kwamba nimerudishwa. Mama alilisikia kanisani, baada ya ibada, kwa mama mwenzake aliyekuja kumpa pole. Alirudi, akakaa mlangoni pa jiko bila kuvua kitenge cha kanisani, akaniambia, "Usiniache niambiwe na watu habari za mwanangu." Nilikuwa nimepanga kumweleza taratibu. Mpaka leo nikiukumbuka uso wake naumia.

Kwa hiyo mpigie sasa, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi. Mwambie una pesa kiasi gani, utarudi lini, na kwamba hakuna aliyekufukuza. Mama zetu safari hawaiogopi. Wamepanda na kushuka huu mlima na mikungu ya ndizi kichwani maisha yao yote. Wanachoogopa ni kuulizwa wakakosa jibu. Mwambie pia baba mdogo, au yeyote anayesimamia kihamba (shamba la ukoo) sasa, maana yeye ataulizwa watu wakikaa kwenye mbege. Na ukifika, kaa mwezi mzima. Usiwe mgeni anayelala siku tatu akaondoka. Lima, kata majani ya ng'ombe, nenda na mama Mbuyuni sokoni. Watu wakikuona hivyo maneno yanakwisha yenyewe.

Pesa. Wastani wangu mimi ulikuwa dola 31 kwa siku, nikilala gesti na kula kwa mama ntilie. Siku nyingine 15 zilitosha, ila Livingstone na Cape Town zilipanda hadi 60. Wewe hesabu 35. Kisha tenga fungu la michango, na utenge kabla hujapanda ndege. Mimi nilitenga dola 600 nikidhani zitanifikisha mwisho wa mwaka. Ziliisha wiki ya tano. Ada ya mtoto wa dada, hospitali, kipaimara, harusi ya binamu. Sijutii hata moja. Lakini usipokuwa na fungu lake utazichomoa kwenye nauli, ukwame Mbeya.

Njia yenyewe ni nzuri kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa pasipoti ya Tanzania unaingia Malawi, Zambia, Zimbabwe, Botswana, Namibia na Afrika Kusini bila viza. Hakikisha tu unaangalia siku ulizogongewa kila mpaka. Kutoka Dar panda TAZARA, reli waliyotujengea Wachina kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Uliza ofisini kwao kwanza kama treni inatembea wiki hiyo. Daraja la kwanza ni vitanda vinne kwa chumba, wanawake kivyao na wanaume kivyao, kwa hiyo msichana aliye peke yake analala vizuri. Beba chakula na maji ya ziada, maana mimi sikufika kwa saa zilizoandikwa. Kutoka Mlimba hadi Makambako usilale: treni inaacha bonde la Kilombero na kupanda milima, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, na chini unaona mto tu.

Ukikaribia Tunduma, wabadilisha fedha wanapanda ndani ya behewa. Mmoja alinihesabia kwacha mbele ya macho yangu, na nilipofika Kasama nikagundua noti zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja ikahesabiwa mara mbili. Badilisha ya kula tu, nyingine subiri Lusaka. Kutoka Livingstone unavuka kuingia Botswana kwa daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021. Zamani palikuwa na pantoni na foleni ya malori.

Na kama unautaka Mlima, upande kabla hujaondoka. Beba kitambulisho cha NIDA, kwa sababu ada ya hifadhi kwa Mtanzania ni ya shilingi, wakati mgeni analipa dola 70 kwa siku, kodi haijaongezwa. Mwongoza wageni ni lazima hata kwa mwenyeji. Nakuomba sana, walipe vizuri wagumu, yaani wapagazi. Wanabeba hadi kilo 20 kupita mvua na baridi, na wengi wao ni vijana wa majirani zako.

Kutoka: Columbus

Dada, kaka wa Moshi amesema vema, ila mimi miezi minane ndiyo inayonitisha.

Ukikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita mfululizo, ile miaka mitano ya kungojea uraia inaweza kuhesabiwa imekatika, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni yako. Ukipita mwaka bila kibali cha kurejea Marekani (re-entry permit), unaweza kupoteza kadi yenyewe. Kibali hicho kinaombwa kwa fomu I-131, nawe ukiwa bado uko ndani ya Marekani. Ukishafika Moshi umechelewa. Mimi ningepunguza iwe miezi mitano na nusu.

Lingine linakwenda na hilo. Tanzania hairuhusu uraia pacha. Siku utakayoapa kuwa Mmarekani, ile pasipoti inayokupitisha mipaka yote hiyo unaiacha, na hapo KIA kwenyewe unaweza kutakiwa kulipia viza kama mgeni. Kama safari hii iko moyoni, ifanye kabla ya kiapo.

Na 401(k), ile akiba ya uzeeni ya kazini, usiiguse. Kuivunja kabla ya miaka 59 na nusu ni adhabu ya asilimia 10, na kodi ya mapato juu yake.

Kutoka: Leicester

Wanangu, mimi ni nesi, nitasema langu moja. Kinga ya malaria mliyokua nayo inapungua mkiishi huku miaka mingi. Nimewahudumia watu wetu waliorudi kutoka likizo nyumbani wakiwa mahututi, kwa sababu walisema "mimi nimezaliwa kule." Meza dawa za kinga kama daktari atakavyokuelekeza, lala ndani ya chandarua, na homa yoyote, pima siku hiyo hiyo. Hata ukisharudi Minneapolis, ukipata homa mwambie daktari ulikotoka. Cheti cha homa ya manjano kiwe pamoja na pasipoti. Tangu 2016 sindano moja inatambulika maisha yote.

Na mlioko Uingereza mnaosoma hapa: ukaaji wa kudumu unakufa ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Kutoka: Minneapolis

Ahsanteni sana, na shikamoo mama wa Leicester.

Nimepanga miezi mitano. Kwa dola 35 kwa siku ni kama 5,300. Nikiongeza tiketi, bima na dola 1,000 za michango, bado nabaki na kitu cha kupangia nyumba nikirudi.

Mama nimempigia Jumapili. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kama huko kusini nitakuwa nasali. Akasema nije Agosti kwa misa ya mwaka wa baba, ndugu wakiwa wamekusanyika, padri aniombee mbele yao ndipo niondoke. Hapo kila mtu atakuwa amejua ninakokwenda.

Kaka wa Moshi, begi la safari ninunue huku, au nitapata zuri mitumbani?

Kutoka: Moshi

Soko la Memorial yapo mazuri, mdogo wangu. Njoo na viatu tu, hivyo ndivyo vigumu kupata saizi. Jumamosi ya kwanza ukifika nitakupeleka.