Wakuu nishaurini: wezi wakivunja usiku nami nina watoto ndani, nifanyeje?

Mgeni wa Nala: Wakuu, habari za jioni. Nina mke na watoto wawili, wa mwisho ndiyo kwanza anatembea. Tumehamia huku Nala, fensi bado, na kwa upepo huu wa Dodoma hata upige yowe jirani hasikii. Juzi walivunja nyumba ya tatu kutoka kwangu. Walizima umeme kwenye mita ya nje, ndipo wakaubomoa mlango kwa fatuma, lile jiwe kubwa. Usingizi sina. Nyie mnajipangaje? Na mwizi akidhurika akiwa anavunja, kesi ni ya nani?

Bibi Zabibu: Pole mwanangu. Tenga chumba kimoja, mlango wa mbao ngumu, komeo kwa ndani. Mkisikia kishindo, wote humo. Simu iwe na chaji, uwe na namba ya mwenyekiti wa mtaa na ya polisi kata, na 112 ni bure. Wakitaka tivii wape. Tivii inanunuliwa.

Kaka Mkonze: Usitoke hata ukisikia bomba la nje linamwagika! Shemeji yangu walimfungulia bomba saa nane usiku. Maji ya Dodoma mnayajua, mtu anaamka mbio. Akatoka na taulo kiunoni. Hadi taulo waliondoka nayo.

Mtumishi: Nyumba isiyo na sala hata uweke geti la benki ni bure.

Kaka Mkonze: Mtumishi, kanisani kwetu waliiba spika.

Wakili wa Kijiweni: Mleta uzi, "akidhurika" na nini?

Mgeni wa Nala: Chochote tu mkuu. Nauliza kwa ujumla.

Wakili wa Kijiweni: Kwa ujumla hakuna kesi. Sema.

Mgeni wa Nala: Haya. Kuna fundi nimeshampa advansi. Anavuta waya toka kwenye soketi hadi kwenye grili za madirisha na mlango wa chuma. Swichi inakaa kitandani kwangu, nawasha usiku tu. Watoto nimewakataza kugusa. Msinihukumu, hamlali huku.

Fundi Waya: Mtoto anayejifunza kutembea unamkataza grili? Mkuu, hiyo ni volti 230. Sakiti breka inalinda waya usiungue, wewe haikujui. Inasubiri ampea nyingi, wakati moyo unaweza kuvurugika kwa miliampea makumi tu. Fensi ya umeme ya dukani ina mashine yake, inatoa mapigo mafupi yenye kipimo. Na moto ukizuka usiku, familia unaitolea wapi?

Wakili wa Kijiweni: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuruhusu kujilinda wewe na mali yako, lakini kwa nguvu ya kiasi. Mtego wa umeme haupimi kiasi. Haumjui mwizi wala mjumbe aliyekuja kugonga dirisha kukupa taarifa ya msiba.

Mgeni wa Nala: Kwa hiyo mwizi ana haki kuliko mimi? Hela ya fundi hairudi.

Mzee wa Chako: Wakuu, hii stori ya kutunga, mnakunywa chai, tena ya tangawizi. Kasema mwenyewe wezi wa huko wanazima umeme kwenye mita kabla ya kuvunja. Sasa grili zitapata umeme wapi? Halafu mwezi juzi huyuhuyu alikuwa anatafuta chumba cha kupanga Area D.

Kaka Mkonze: 😂😂 Uzi ufungwe.

Mgeni wa Nala: Chumba kilikuwa cha mdogo wangu. Na umeme nina inveta, mbona mnakimbilia kuhukumu?

Fundi Waya: Inveta ya kuchajia simu ndiyo ilishe madirisha?

Bibi Zabibu: Chai au si chai, mimi nauliza moja. Mama watoto anajua?

Mgeni wa Nala: Ataambiwa fundi akimaliza.

Bibi Zabibu: Haya.

Mfugaji Chamwino: Samahani kuingilia, nina watoto wa mbwa, wamechanjwa, mama yao halali usiku.

Mzee wa Chako: Biashara hiyoo imefika.

Mgeni wa Nala: Mkuu, bei gani? Dume lipo?